Vincennes, Chambord, Chenonceau au Versailles: mgeni Ufaransa aanze na kasri lipi?

Mtu akishahamia Ufaransa, awe mwanafunzi, awe amemfuata mwenzi wake, awe amekuja kikazi, haichukui muda kabla hajaulizwa kama ameshakwenda Versailles. Mwalimu wa Kifaransa anauliza, wafanyakazi wenzake wanauliza, na ndugu walioko nyumbani wanasubiri picha. Basi Jumamosi moja ya Julai anakata tiketi, anasukumana na umati kutoka chumba hiki hadi kile, anaona dhahabu juu ya dhahabu, na jioni akiulizwa ameona nini hana la kusema zaidi ya "pazuri sana". Sisemi Versailles ni pabaya. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ndiko kwenye jambo zito kuliko makasri mengine yote, na nitalieleza mbele. Ninachokipinga ni kuanza nako.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya anayetaka kuielewa nchi aliyohamia. Mtalii wa siku tatu ana shida zake nyingine. Nimechukua makasri manne, na mengine mawili yanayofaa kuongezwa njiani, nikaliuliza kila moja swali lile lile: aliyekujenga alikuwa anaogopa nini? Jibu likishapatikana, kuta, ngazi na madirisha huanza kueleweka, hata kwa mtu ambaye Kifaransa chake bado ni cha kubabaisha.

Vincennes: hofu ya kuuawa

Hili ndilo la kuanzia, na sababu ya kwanza ni usafiri. Liko mwisho kabisa wa mstari namba 1 wa metro ya Paris, na kituo chenyewe kinaitwa Château de Vincennes. Unapanda ngazi za kituo, unatokeza juu, na ukuta uko mbele yako: handaki pana, daraja, lango, na ndani mnara mkuu wa mawe, donjon, wenye urefu wa zaidi ya mita 50. Ufaransa hakuna mnara wa aina hiyo wa Zama za Kati uliobaki mrefu kuliko huu.

Aliyeukamilisha ni Mfalme Charles V, karibu na mwaka 1370, na kisa chake kinaueleza vizuri. Ufaransa ilikuwa katikati ya Vita vya Miaka Mia dhidi ya Uingereza. Baba yake, Jean II, alitekwa na Waingereza vitani Poitiers mwaka 1356, na kijana akabaki kuendesha nchi isiyo na fedha wala mfalme. Februari 1358 watu wa Paris wakiongozwa na Étienne Marcel, mkuu wa wafanyabiashara wa mji, waliingia hadi chumbani kwake katika jumba la kifalme, wakawaua majemadari wake wawili mbele ya macho yake. Marcel akamvalisha kijana yule kofia yake mwenyewe ya rangi nyekundu na buluu, rangi za Paris, ili asije akadhurika. Alikuwa na miaka 20. Mtu aliyepitia hayo, akishakuwa mfalme, hawezi kulala kwa amani katikati ya mji. Ndipo unapouelewa mnara wa Vincennes: uko nje ya Paris lakini karibu nayo, kuta zake zina unene wa karibu mita tatu, una handaki lake wenyewe ndani ya ngome ambayo nayo ina handaki, na ofisi ya mfalme iko juu ya lango, pale anapoweza kuona anayekuja.

Ndani hakuna vitanda vya hariri wala mazulia. Vyumba ni vitupu. Wapo wanaolalamika kwamba wamelipa kuona mawe, lakini mimi naona utupu huo ni msaada kwa anayeanza. Hakuna kitu cha kukupumbaza macho. Unabaki na umbo la jengo na maelezo machache ukutani ambayo mtu wa kiwango cha kati cha Kifaransa anaweza kuyasoma yote bila kuchoka. Utasoma pia kwamba mnara uligeuzwa gereza, na kwamba mwaka 1749 alifungwa humo mwanafalsafa na mwandishi Diderot kwa sababu ya maandishi yake. Wafaransa wakizungumzia uhuru wa kuandika kwa ukali ule unaowashangaza wageni, wanazungumza wakijua kwamba waandishi wao wakubwa walifungwa kwenye majengo kama hili.

Mchana unaobaki, nenda Porte Dorée, upande wa pili wa msitu wa Vincennes. Jumba lililopo pale lilijengwa kwa ajili ya Maonyesho ya Kikoloni ya 1931, na ukuta wake wa mbele umechongwa mwanzo hadi mwisho picha za watu na mazao ya makoloni: wabebaji, miti, wanyama, mizigo inayopelekwa Ufaransa. Leo ndani yake mna makumbusho ya historia ya uhamiaji. Asubuhi umeona jinsi mfalme alivyojifungia, mchana unaona jinsi nchi hiyo hiyo ilivyotoka nje na nani waliingia baadaye. Mgeni hawezi kupata somo la namna hiyo kwa nauli ndogo kuliko hiyo.

Chambord: hofu ya kuonekana mdogo

Sasa tutoke Paris, twende bonde la mto Loire. Chambord ndilo kasri ambalo picha yake imechapishwa kwenye makopo ya biskuti na kalenda, na mtu akiliona kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wake ulio wazi hustuka kwa ukubwa. Lina minara minene ya duara na maji kulizunguka, kama ngome. Lakini hebu tazama madirisha: ni makubwa, ni mengi, yanakaribisha mwanga. Hakuna askari anayejificha nyuma ya dirisha kama hilo. Minara ile ni ya kutazamwa.

Aliyelijenga, Mfalme François I, alitawazwa mwaka 1515 akiwa na miaka 20, na mwaka huo huo akashinda vita vya Marignano huko Italia. Juni 1519 aligombea kuwa mfalme mkuu wa Dola Takatifu ya Kirumi, akashindwa na Charles wa ukoo wa Habsburg, kijana kuliko yeye, ambaye ardhi zake sasa ziliizunguka Ufaransa pande karibu zote. Septemba ya mwaka huo huo ujenzi wa Chambord ukaanza. Miaka 20 baadaye, Desemba 1539, nani alikaribishwa hapo kama mgeni? Charles huyo huyo. Ukiijua tarehe hiyo, kasri zima linasomeka kama neno moja lililosemwa kwa mtu mmoja.

Kitu cha kukaa nacho muda mrefu ni ngazi ya katikati. Ni ngazi mbili zinazozunguka mhimili mmoja, kama nyuzi mbili za kamba iliyosokotwa, na hazikutani popote. Mwache mwenzako apande upande mmoja na wewe upande mwingine: mtaonana kupitia matundu ya madirisha ya ndani, mtasikiana, na hamtapishana hadi juu. Wengi wanaihusisha na Leonardo da Vinci, aliyekuwa mgeni wa François I na aliyefariki Amboise tarehe 2 Mei 1519, miezi michache kabla ya ujenzi kuanza. Mchoro wake wa kasri hili haupo, ila wazo la namna hiyo limo katika michoro yake mingine. Halafu panda hadi juu ya paa. Mabomba ya moshi, vinara na madirisha vimejazana pale kama mtaa mzima, na ukitazama nje unaona msitu wa mfalme, hekta 5,440, uliozungushiwa ukuta wa kilomita 32. Eneo hilo ni karibu nusu ya ukubwa wa jiji la Paris.

Na baada ya yote hayo, François I alilala Chambord siku 72 tu katika utawala wake wa miaka 32. Kasri lenye meko 282 halikuwa na samani za kudumu: msafara wa mfalme ulikuja na vitanda, mazulia na vyombo vyake, ukaondoka navyo. Hapa kuna jambo la utamaduni ambalo vitabu vya kujifunza lugha havilisemi: kwa karne nyingi serikali ya Ufaransa ilitembea. Mfalme alipokuwapo ndipo palipokuwa na serikali. Kumbuka hilo utakapofika Versailles.

Udhaifu wa Chambord ni usafiri na baridi. Kutoka kituo cha Austerlitz, Paris, treni inakwenda hadi Blois kwa karibu saa moja na nusu, na kutoka Blois unahitaji basi, ambalo hufanya kazi hasa msimu wa watalii. Asiye na gari apange ratiba ya kurudi kabla hajaondoka nyumbani. Wakati wa baridi, kumbi zile ni za barafu. Nenda Chambord ukipenda ujenzi, siasa za wafalme, au baiskeli msituni. Ukitaka kujua watu waliishi vipi, halitakuambia mengi.

Chenonceau: hofu ya kunyang'anywa

Chenonceau linajibu swali hilo la maisha, na kama ningeambiwa nichague moja tu kwa ajili ya mtu ambaye hatapata nafasi ya kwenda tena, ningechagua hili.

Limejengwa juu ya mto Cher. Sehemu ya kwanza ni jumba la mraba juu ya misingi ya kinu cha zamani cha maji, kisha ukumbi mrefu wa mita 60 uliopita juu ya daraja hadi ng'ambo. Aliyeanza ni Thomas Bohier, ofisa wa fedha wa mfalme, mwanzoni mwa miaka ya 1500, lakini yeye akiwa vitani Italia, aliyesimamia mafundi ni Katherine Briçonnet, mkewe. Walipofariki, serikali ya mfalme ilidai madeni, na mwaka 1535 mtoto wao akalazimika kulikabidhi kasri kwa mfalme. Mwaka 1547 Henri II akalitoa kwa Diane de Poitiers, hawara wake. Diane hakuwa mjinga. Alijua zawadi ya mfalme inaweza kufutwa na mfalme mwingine, akahangaika kisheria kwa miaka ili umiliki uwe wake kihalali. Alijenga daraja, akapanda bustani kubwa. Mwaka 1559 Henri II akafa kwa jeraha la mkuki alilolipata kwenye mashindano ya farasi, na mjane wake, Catherine de Médicis, akamlazimisha Diane aliachie Chenonceau na kuchukua kasri la Chaumont badala yake. Catherine akapanda bustani yake upande wa pili, na juu ya daraja la Diane akajenga ukumbi wa kuchezea dansi. Bustani zote mbili zipo hadi leo, moja huku na moja kule, na ukisimama mlangoni unaona ugomvi wa wanawake wawili umeandikwa kwa maua.

Msomaji anayetoka kwetu hahitaji kuelezwa mirathi ya mke na hawara. Ndiyo maana naona kasri hili linafundisha vizuri: unaingia kwenye historia kupitia jambo unalolijua tayari.

Teremka jikoni. Jiko la Chenonceau limo ndani ya nguzo kubwa za msingi, karibu na usawa wa maji. Kuna sufuria za shaba zimetundikwa kwa ukubwa wao, jiko la mkate, meza ya kukatia nyama, kulabu za kutundikia mawindo, na mahali ambapo mashua zilileta vyakula hadi chini ya jengo. Wafanyakazi walikuwa na chumba chao cha kulia humo humo. Katika makasri mengi mgeni huonyeshwa kitanda cha mfalme tu. Hapa unaona mikono iliyompikia.

Halafu kuna mlango. Mwisho wa ule ukumbi mrefu, upande wa kusini, kuna mlango unaotokea ng'ambo ya mto. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia familia ya Menier, watengenezaji wa chokoleti waliokuwa wamelinunua kasri mwaka 1913, waligeuza ukumbi huo kuwa hospitali, na wanajeshi zaidi ya 2,000 walitibiwa humo, vitanda vikipangwa juu ya maji. Vita vya Pili vilipokuja, Wajerumani wakaigawa Ufaransa vipande viwili, na mpaka ukapita katika mto Cher. Mlango wa mbele wa Chenonceau ukawa katika eneo lililokaliwa na Wajerumani, na mlango wa kusini ukawa katika eneo huru. Watu walivushwa kupitia ukumbi huo hadi upande wa pili. Pita mlango huo kwa miguu yako, usiishie kupiga picha katikati ya ukumbi kama wafanyavyo wengi.

Usafiri ni rahisi: kutoka Tours treni ya mkoa inakushusha Chenonceaux kwa karibu nusu saa, na lango la kasri liko jirani kabisa na kituo. Tatizo ni bei. Ni mali ya familia ya Menier hadi leo, kwa hiyo punguzo la vijana la makasri ya serikali halifanyi kazi hapa.

Amboise, kituo cha kati kisichopaswa kurukwa

Kati ya Blois na Tours, treni inasimama Amboise. Unashuka, unavuka Loire kwa miguu, na kasri liko juu ya mwamba. Wengi huja kwa ajili ya kaburi la Leonardo katika kanisa dogo la Saint-Hubert, na ni haki yao. Wengine huonyeshwa mlango mfupi unaosemekana Mfalme Charles VIII alijigonga kichwa mwaka 1498 akafa saa chache baadaye.

Mimi humpeleka mgeni kwenye bustani ya juu. Abd el-Kader, kiongozi wa Algeria aliyepigana na Wafaransa kwa miaka 15, alisalimu amri Desemba 1847 kwa ahadi kwamba angepelekwa Alexandria au Akka. Ahadi haikutimizwa. Alifungwa Toulon, kisha Pau, na kuanzia Novemba 1848 hadi 1852 alizuiliwa Amboise pamoja na familia na wafuasi wake. Hawa walikuwa watu waliozoea jua, wakafungiwa juu ya mwamba wenye upepo na unyevu wa mto. Watu 25 kati yao walifia hapo, watoto wakiwamo, na bustanini kuna mawe 25 ya kumbukumbu, kazi ya msanii Rachid Koraïchi ya mwaka 2005. Abd el-Kader mwenyewe aliachiwa, akahamia Damascus, na mwaka 1860 aliwaokoa maelfu ya Wakristo waliokuwa wakiuawa mjini humo. Ufaransa ile iliyomfunga ikamtunuku nishani. Mwislamu akisimama pale asome Fatiha. Wengi hufanya hivyo.

Versailles: hofu ya watu wake mwenyewe

Sasa tunaweza kwenda. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Januari 1649, mama yake Mfalme Louis XIV alimwamsha mwanawe mwenye miaka 10 wakatoroka Paris, kwa sababu mahakama na makabaila walikuwa wameasi. Mtoto yule hakusahau. Mwaka 1661, alipoanza kutawala mwenyewe, alianza kulipanua jumba dogo la uwindaji la baba yake huko Versailles, na tarehe 6 Mei 1682 akahamishia huko serikali yote. Ule msafara wa kifalme tulioukuta Chambord ulikoma. Tangu hapo mfalme hakumfuata mtu. Kila mtu alimfuata yeye.

Ukiingia na hofu hiyo kichwani, dhahabu inapata maana. Kabaila aliyekuwa na jeshi lake mkoani sasa anapigania heshima ya kumshikia mfalme kinara cha mshumaa wakati anavua nguo ili alale. Nani anasimama, nani anakaa kwenye kiti kisicho na mgongo, nani anaingia chumbani asubuhi kabla ya nani: hizo ndizo silaha alizowaachia. Mgeni anayeshangaa kwa nini katika ofisi ya Ufaransa usiposema "Bonjour" kwanza mlango hufunguka kwa uzito, aje atazame hapa jinsi adabu ilivyogeuzwa kuwa utawala.

Ukumbi wa Vioo, Galerie des Glaces, una urefu wa mita 73 na vioo 357. Wakati huo Venice ndiyo iliyotawala biashara ya vioo, na Ufaransa ilianzisha kiwanda chake ili kuivunja. Ila msomaji wangu, usimame katikati ya ukumbi huo kwa sababu nyingine.

Tarehe 28 Juni 1919, ndani ya ukumbi huo, Ujerumani ilitia saini Mkataba wa Versailles baada ya kushindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wafaransa walichagua mahali hapo makusudi, kwa kuwa Januari 1871 Wajerumani walitangazia dola lao humo humo baada ya kuishinda Ufaransa. Kifungu cha 119 kiliiondolea Ujerumani makoloni yake yote: ndipo Tanganyika ikaenda kwa Waingereza, na Rwanda na Burundi zikaenda kwa Wabelgiji. Kifungu cha 246 kinataja vitu viwili vya kurudishwa ndani ya miezi sita. Kimoja ni Msahafu wa Khalifa Uthman uliochukuliwa Madina. Cha pili ni fuvu la Sultani Mkwawa, lililotolewa Afrika Mashariki ya Kijerumani na kupelekwa Ujerumani.

Mkwawa wa Uhehe, ambaye jeshi lake liliwavunja Wajerumani Lugalo mwaka 1891, na aliyejipiga risasi mwaka 1898 asikamatwe akiwa hai. Jina lake limo katika mkataba uliomaliza vita vikubwa kuliko vyote vilivyokuwa vimeonekana hadi wakati huo, na ulitiwa saini chini ya dari lililochorwa kumsifu Louis XIV. Miezi sita ikapita, miaka ikapita, na fuvu halikurudi hadi 1954, gavana Edward Twining alipolikabidhi Kalenga, karibu na Iringa, ambako limo katika makumbusho mpaka sasa. Maelfu ya watu hupita ukumbi huo kila siku wakitafuta pembe nzuri ya kujipiga picha. Mtanzania asipite bila kulitaja jina hilo kwa sauti.

Na kuna lingine la huzuni. Machi 1685, Louis XIV akiwa Versailles, alitoa sheria ya watumwa wa makoloni, Code noir, iliyomhesabu mtumwa kuwa mali inayohamishika. Sheria za namna hiyo zilipelekwa baadaye hadi visiwa vya Bahari ya Hindi, Bourbon na Île de France, ambavyo leo ni Réunion na Mauritius. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa hivyo. Bustani za Versailles ni nzuri kweli, na ni halali kuzifurahia. Ila pwani yetu imo katika hesabu za dola ile.

Fontainebleau badala ya Versailles?

Kwa anayechukia msongamano, ndiyo. Unapanda treni ya mstari R kutoka Gare de Lyon, dakika 40 hivi, kisha basi. Wafalme waliishi hapo kwa karne nyingi, vyumba vina samani, na kuna ngazi ya umbo la kwato ya farasi ambako Napoleon aliwaaga askari wake tarehe 20 Aprili 1814. Kuna pia makumbusho ya vitu vya China, vingi vikiwa vimeporwa Beijing mwaka 1860. Unapumua, unasoma maandishi kwa utulivu. Lakini hakuna tukio moja linalokushika kama yale ya Versailles, na mtu wa Iringa hatakuta jina la kwao.

Pesa, karatasi na chakula

Kwa bei, Vincennes ni nafuu na Versailles ni ghali. Mengine yako katikati. Lakini linalowaumiza wageni ni kutojua haki yao. Katika makasri ya serikali, yaani Vincennes, Chambord, Fontainebleau na Versailles, mtoto wa chini ya miaka 18 haingii kwa kulipa. Kijana wa miaka 18 hadi 25 anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya naye anaingia bure, hata kama pasipoti yake ni ya Kenya, Kongo au Burundi. Beba kibali chako cha makazi chenyewe, maana karani atataka kukiona, na baadhi ya makasri makubwa sasa yanawatoza wanaotoka nje ya Ulaya zaidi ya wakazi. Ni aibu kumwona mwanafunzi anahesabu sarafu mlangoni ilhali haki yake imo mfukoni.

Jumapili ya kwanza ya mwezi, kuanzia Novemba hadi Machi, Vincennes na Versailles hufunguliwa bure kwa wote. Versailles hufungwa Jumatatu, Fontainebleau Jumanne, na Versailles ni lazima uweke nafasi ya saa mapema kwenye intaneti. Bustani za Versailles huingiwa bure, isipokuwa siku za maonyesho ya chemchemi au za muziki bustanini.

Kwa lugha, omba kijitabu cha michezo wanachopewa watoto. Makasri mengi wanacho. Kifaransa chake ni chepesi na sahihi, na maswali yake yanakulazimisha utafute kitu chumbani. Mtu mzima anayejifunza hana sababu ya kukionea haya.

Na chakula: bonde la Loire lina jibini nzuri ya mbuzi, ile ndefu ya Sainte-Maure yenye bua la nafaka katikati na ile ya mviringo ya Selles-sur-Cher. Rillettes za Tours, nyama laini ya kupaka kwenye mkate ambayo kila mwenyeji atakusifia, kwa kawaida ni nguruwe. Asiyekula aulize kabla ya kuonja.

Nani aende wapi

Aliyefika mwezi huu na bado anahangaika na makaratasi aende Vincennes, hata kwa nusu siku. Mwenye watoto wa shule ya msingi aende Chambord wakati wa joto, awaachie ngazi na paa, au Chenonceau kama hana gari. Mama anayetoka mara moja kwa mwaka, na anataka siku moja ya raha iliyo na kitu cha kufikiria, Chenonceau bila kusita. Mwenye wikendi nzima alale Tours au Amboise: Jumamosi Chenonceau, Jumapili Amboise, na Chambord aliache kwa safari nyingine, kwa sababu makasri matatu kwa siku mbili huchanganyikana kichwani yote yakawa moja.

Anayejiandaa na mafunzo ya uraia au mahojiano ya kuomba uraia, ambako huulizwa kuhusu wafalme na Mapinduzi, afuate mpangilio wa miaka: Vincennes, Chambord, Versailles. Akifika la mwisho aanze na chumba cha kulala cha mfalme, kilichowekwa katikati kabisa ya jengo, kisha aitafute kwa macho roshani inayotazama ua. Hapo ndipo Louis XVI, mfalme wa wakati wa Mapinduzi, alipojitokeza asubuhi ya tarehe 6 Oktoba 1789 mbele ya umati wa Paris, wanawake waliotembea kwa miguu kudai mkate wakiwa ndani yake, na siku hiyo hiyo wakamchukua wakarudi naye mjini. Hakurudi tena Versailles.